Nyeupe Iliyoingia Buluu

Mke wa Fundi Rangi alikalia ncha ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Chai aliyoletewa ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Uliweka kitu kwenye chai ya mumeo," alisema Inspekta.

"Niliweka."

"Kitu gani?"

"Hilo sisemi, afande."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, na pale kituoni alisifika kwa jambo moja: aliweza kuuliza swali lilelile mara tatu kwa sauti ileile, mpaka anayehojiwa akaona haya kwa niaba yake. Aliuliza mara ya pili. Akauliza na ya tatu. Mke wa Fundi alitikisa kichwa kila mara, kwa adabu kabisa.

"Wifi yako ameandikisha kwamba umemlisha kaka yake sumu. Amekuona unakoroga, ukaficha chupa, na mgonjwa akaanguka kabla kikombe hakijapoa. Mkuu wa kituo anataka jibu leo. Nisipompa jibu, jioni utafunguliwa shtaka la kujaribu kuua. Unanielewa, dada?"

Mwanamke aliinua uso. "Nimlishe sumu mtu ninayemkata kucha kwa mkono wangu?"

"Basi sema ulimlisha nini."

"Nikisema nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu. Yeye mwenyewe akiniruhusu, nitasema mpaka mchoke. Asiponiruhusu, nifungeni tu."

Kwenye kona ya chumba, Sajini Kifaru alikohoa. Lile jina alipewa kwa sababu ya mwili wake. Moyo wake ulikuwa wa kondoo, na machozi ya wanawake yalimfanya ahesabu vigae vya sakafu.

"Mumeo alikuwa na maradhi gani?" Inspekta aliendelea.

"Moyo. Hilo mtaa mzima unalijua. Kifua kikimbana anaweka kidonge chini ya ulimi, kinamtulia."

"Na lingine?"

Mke wa Fundi akasema, akiuangalia mkoba wake, "Alikuwa ameacha kupiga mluzi."

"Mluzi?"

"Tangu nimeolewa mume wangu anapiga mluzi. Juu ya ngazi, bafuni, hata msibani, mpaka nimfinye. Mwaka jana aliacha. Akahamia kulala sebuleni, anasema joto." Alifungua mkoba, akaufunga. "Nyumba ikawa kimya, afande. Hilo ndilo nililonalo la kusema."

Inspekta aliandika neno moja kwenye karatasi: mluzi. Akalipigia mstari.

Nyumba ya Fundi Rangi ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na ua uliojaa makopo, ngazi na mabango yaliyoegemezwa ukutani. Dada wa Fundi aliwapokea mlangoni. Alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, mikono imara, sauti iliyozoea kusikika juu ya sufuria kubwa. Alikuwa amekuja kumtembelea mdogo wake, na kwa maneno yake mwenyewe, Mungu alimleta awe shahidi.

"Nimemwona kwa macho yangu haya," alisema. "Kila jioni mdogo wangu akiletewa chai, wifi anageukia ukuta, anakoroga. Nikimwuliza, 'Sukari tu, wifi.' Sukari gani inafichwa?"

"Kila jioni? Kwa muda gani?"

"Tangu nimefika. Wiki tatu sasa."

"Na wiki hizo zote mdogo wako alikuwa mgonjwa?"

Dada alisita. Alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. "Hapana. Kusema haki ya Mungu, alikuwa amechangamka. Anapiga mluzi kama kijana aliyeposa jana. Usiku nilikuwa nawasikia wanacheka huko chumbani kwao, nikajifunika mto."

"Chumbani kwao. Hakuwa analala sebuleni?"

"Sebuleni nalala mimi!"

Inspekta aliitikia kwa kichwa. "Niambie ya jana. Polepole."

"Alikunywa chai. Akakaa kidogo, uso ukamuiva kama aliyetoka jikoni kwangu. Akapanda ngazi kushusha bango. Akashika kifua, akashuka mwenyewe vizuri tu. Akatoa kidonge chake cha moyo, akaweka chini ya ulimi. Nikasema alhamdulillahi, sasa atatulia. Badala ya kutulia ndiyo kwanza akalegea, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kambani. Hata dawa ya hospitali ilishindwa na hiyo sumu, afande!"

"Alianguka baada ya kidonge?"

"Baada ya kidonge."

Inspekta alimtaka arudie, na dada akarudia bila kubadili neno. Kisha upekuzi ukaanza, karatasi ya ruhusa ikiwa mezani na glavu mikononi. Kifaru alipewa ua, Inspekta akachukua jiko.

Haikuchukua muda, sauti ya Kifaru ikaja kutoka uani, imejaa fahari. "Mkuu! Mtambo!"

Ndani ya kopo tupu la rangi, chini ya brashi kuukuu, kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa shati safi: bomba pana la plastiki angavu, limezibwa upande mmoja, na mpira mwembamba uliounganishwa na kitufe cha kuminya. Kifaru alilinyanyua juani, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Ya kupulizia rangi hii," alisema.

"Inapulizia wapi, wakati mbele imezibwa?"

Kifaru alifunika mdomo wake wazi kwa kiganja, akakiminya kitufe. Bomba lilimnyonya kiganja, likang'ang'ania. Alilivuta kwa nguvu, likatoka kwa mlio uliomfanya dada wa Fundi arudi nyuma hatua mbili.

"Huo ndio mtambo wa kupikia sumu!" dada alipiga kelele. "Nilisema mimi!"

"Huu hausukumi, unavuta," alisema Inspekta, akaufungia kwenye mfuko na kuuandika. Shati lililouzunguka lilikuwa la kiume, limepigwa pasi. Mtu alilitunza lile bomba kwa heshima, ila hakutaka lionekane.

Chupa Inspekta aliipata mwenyewe, ndani ya pipa la unga, imezamishwa mpaka shingoni. Asali. Ilinukia tangawizi na kitu kichungu. Nembo yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, lakini aliyekwangua alikuwa na haraka: ulibaki upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo na manyoya ya mkia.

Inspekta aliibeba chupa hadi uani, akaipitisha mbele ya mabango kama mtu anayelinganisha kitambaa dukani. Nyuma ya ngazi palikuwa na kipande cha boksi chenye mchoro wa penseli na rangi: jogoo aliyesimama juu ya mtungi, kifua mbele. Upanga ni ule ule. Mkia ni ule ule.

"Huyo ni jogoo wa Tabibu wa mtaa wa nyuma," dada alieleza. "Mdogo wangu ndiye aliyemchorea bango. Wifi aliwahi kunisimulia, siku aliyolichora alirudi anacheka hana mbavu. 'Wajinga ndio waliwao, mke wangu. Mizizi na asali, eti jogoo apande mtungi!'"

Inspekta na Kifaru walitazamana. Kifaru alikuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

"Na hili?" Inspekta aliuliza, akionyesha bango lililoachwa nusu, herufi nyeupe juu ya kijani, mbili za mwisho zikiwa bado.

"Hilo lilimshinda. Alisema nyeupe imeharibika. Kama mnatafuta adui mwingine, basi nendeni kwa muuza rangi. Walitaka kushikana mashati!"

Muuza rangi alikuwa mtu mwembamba mwenye kipara, na alijibu kama mtu aliyekwishaumia kabla ya kuulizwa.

"Adui? Mimi? Afande, yule ndiye aliyenisimamia harusi yangu!"

"Mligombana."

"Aligomba yeye. Mimi nilisikiliza." Alitoa kopo chini ya kaunta, akalifungua kwa bisibisi. "Tazama. Hii ni nyeupe au si nyeupe?"

Inspekta alitazama. Kifaru naye akainama. Ilikuwa nyeupe tupu.

"Jioni moja anakuja amelibeba, anasema nimemtilia buluu. Mtu aliyepaka rangi maisha yake yote, mji mzima unasema 'nyeupe ya Fundi', anasimama hapa ananiambia maziwa yana buluu! Nikabadilisha. Asubuhi anarudi mpole kama kifaranga: 'Nisamehe, ndugu yangu, kumbe nyeupe.' Jioni ya siku nyingine, hadithi ile ile. Hata taa yangu ile pale, eti ina buluu pembeni. Nikamwambia kapime macho. Akakasirika."

"Kila mara jioni?"

"Jioni. Asubuhi macho yanapona."

"Kabla ya chai yake au baada?"

Muuza rangi alifikiri. "Baada. Anakujaga mdomo bado unanukia tangawizi. Na alikuwa anaongea kwa pua, kama mwenye mafua. Nikamwuliza, 'Mbona uso umekuiva?' Akacheka, akanipiga bega, akaondoka anapiga mluzi." Alifunga kopo taratibu. "Atapona, afande? Mwambie nyeupe nimemwekea. Hata kama anataka yenye buluu nitamchanganyia."

Nje, Kifaru alifuta jasho. "Mkuu, huyu si muuaji."

"Huyu ni shahidi wetu mkuu," alisema Inspekta. "Ila hajui ameshuhudia nini. Na mimi bado sijui."

Daktari wa Fundi Rangi alikuwa amefunga jalada la mgonjwa na kuliwekea kiwiko juu yake.

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, Inspekta. Lete amri ya mahakama."

"Sikuulizi habari za Fundi Rangi. Nakuuliza habari za mtu yeyote." Inspekta aliweka ule mfuko mezani. "Hiki ni nini?"

Daktari aliangalia bomba, akaangalia dirisha, akarudi kwenye bomba. "Ni pampu. Ya kuvuta hewa. Hutumiwa na mwanamume aliyepungukiwa nguvu. Inavuta damu ije inakotakiwa, kisha unafunga mpira maalumu isirudi."

Kifaru, aliyekuwa ameegemea ukuta, alikichungulia kiganja chake. Kisha akakumbuka na jicho. Akatoka kwenda kunawa.

"Inafanya kazi?" Inspekta aliuliza.

"Kwa wengi inafanya. Ina usumbufu, inahitaji subira na mke anayejua kuna nini. Lakini haigombani na dawa yoyote ya moyo."

"Mtu yeyote, basi. Ana moyo, ana kidonge cha chini ya ulimi, na jogoo wake hapandi mtungi. Utampa nini?"

Daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwanza namwambia si laana, wala si uzee peke yake. Mara nyingi ni mishipa ile ile inayosumbua moyo. Aache sigara, atembee, apimwe sukari. Hiyo inasaidia kweli, ila inasaidia kwa miezi, si kwa siku. Wakati anasubiri, pampu. Ikishindikana ipo sindano, chini ya mtaalamu. Tena namwambia azungumze na mkewe."

"Wanakubali?"

"Pampu wanachukua. Kuzungumza wanaacha hapo hapo ulipokalia."

"Na vidonge? Vile wanavyovitafuta watu wote?"

"Kwa wengi vinafaa kuliko hivyo vyote, wakipimwa na wakaandikiwa. Lakini mtu huyu wako, hapana. Hata nusu. Kidonge cha moyo kinapanua mishipa, na hivyo navyo vinapanua. Vikikutana, presha inaporomoka na mtu anaanguka alipo. Wengine hawaamki."

Inspekta alivuta kiti karibu. "Anayevimeza, mwili wake unaonyesha dalili?"

"Uso kuwaka. Kichwa kuuma. Pua kuziba."

"Macho?"

"Wachache. Kwa saa chache vitu vyeupe wanaviona vina..." Daktari aliondoa kiwiko juu ya jalada bila kujua.

"Buluu," alisema Inspekta.

"Umejuaje?"

"Kuna fundi mmoja hapa mjini anayeijua nyeupe kuliko sisi sote. Mtu mwingine asingegundua." Alitoa chupa ya asali. "Hii inaitwa mizizi mitupu. Mizizi inaweza kumchangamsha mtu baada ya kikombe kimoja cha chai, kila jioni?"

"Wapo wanaoichunguza mizizi, na sitaki kuwatukana. Lakini mzizi unaofanya kazi kwa saa moja, kila jioni, bila kukosa, mimi nauogopa. Mara nyingi ndani yake pana kidonge kimesagwa." Daktari aliishika chupa kwenye mwanga. "Alikuwa anakula hii kila siku. Na bahati yake kifua hakikuwahi kumbana jioni. Mpaka jana."

"Akaweka kidonge chini ya ulimi," alisema Inspekta. "Na dada yake akadhani dawa imeshindwa na sumu."

Alisimama, akaenda kumtoa Kifaru bafuni.

Kifaru hakutaka kuingia dukani kwa Tabibu kama mteja. Alisema amri halali ni amri halali, lakini hii hapana. Alisema ana shemeji yake anakaa mtaa ule. Inspekta alimvua kofia, akamkunjua kola, akamsukuma.

Yeye alizunguka nyuma, kwenye kibaraza kilichofungwa turubai, akasimama akisikiliza.

"Nina... nina rafiki," sauti ya Kifaru ilisema.

"Kila mtu ana rafiki, ndugu yangu, karibu," Tabibu alijibu kwa sauti ya asali. "Mwambie rafiki kijiko kimoja kwenye chai ya jioni. Kwa mwili wa rafiki huyu, labda kimoja na nusu. Mitishamba mitupu, haina madhara!"

Inspekta aliinua turubai. Palikuwa na kinu kidogo, chekecheo, na ndoo ya asali. Kwenye kamba kilianikwa kitambaa cheupe chenye madoa ya buluu, bado kibichi. Chini ya gunia la mizizi mikavu, ambayo utando wa buibui ulionyesha haikuguswa siku nyingi, palisheheni karatasi tupu za vidonge. Alichukua konzi moja, akapita mlango wa nyuma, akazimwaga juu ya kaunta.

"Tabibu, huu ni mzizi wa mti gani, unaoota ndani ya karatasi ya bati?"

Tabibu aliziangalia zile karatasi. Alimwangalia Kifaru, aliyekuwa ameshavaa kofia na kupata urefu wake wote.

"Afande, nilianza na mizizi ya kweli," alisema mwishowe. "Wallahi. Watu walikuwa wanarudisha chupa."

"Ukaona umsaidie mzizi."

"Vidonge nilikuwa navifuta ile buluu ya juu kwanza. Isionekane."

"Alikuja mwanamke, mke wa fundi aliyekuchorea jogoo. Alikuuliza nini?"

Tabibu aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza, alikuuliza nini?" Sauti ile ile.

"Aliuliza kama kuna vidonge ndani. Aliuliza mara mbili. Alisema mumewe daktari amemkataza vidonge kwa ajili ya moyo. Anataka kitu kisichokuwa na vidonge kabisa."

"Alikuuliza nini, na ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asali na mizizi."

Inspekta alimwangalia kwa muda. "Amekuuliza yule mama kwa sababu anampenda mumewe," alisema, na safari hii sauti haikuwa ile ile. "Kifaru. Pingu."

Kifaru alimtia pingu kwa upole wa kushangaza, ila alizikaza tundu moja zaidi ya kawaida.

Fundi Rangi alikuwa kitanda cha katikati kwenye wodi ya wanaume, amekalishwa kwa mito, kucha zake zimekatwa vizuri na kuzungukwa na rangi ya kijani isiyotoka. Dada yake alikuwa amekaa pembeni na chupa ya uji. Hakuna aliyekuwa amemwambia mgonjwa lolote. Aliambiwa mkewe amepumzika nyumbani, na tangu asubuhi alikuwa anautazama mlango.

Inspekta aliingia peke yake. Nyuma yake, koridoni, Kifaru alisimama na mke wa Fundi.

"Dada, nakuomba utupishe kidogo," alisema Inspekta. "Nina maneno na mgonjwa."

"Sitoki," alisema dada. "Tumezaliwa tumbo moja. Maneno gani nisiyoweza kusikia mimi?"

"Yapo."

"Basi mlete huyo mwanamke ayaseme hapa hapa! Aseme alimtilia nini mdogo wangu!"

Fundi Rangi aliinuka kwenye mito. "Mwanamke gani?"

Dada alijiuma mdomo, lakini maji yalikwisha kumwagika. Mke wa Fundi, aliyesikia sauti ya mumewe, alikuwa ameshampita Kifaru, naye Kifaru alikuwa ameona jambo la maana sana darini.

"Umelala wapi jana?" Fundi alimwuliza mkewe.

"Kituoni."

"Kwa nini?"

Mkewe alisimama miguuni pa kitanda, mkoba kifuani, akamwangalia mumewe na kutikisa kichwa kidogo sana. Inspekta aliona tikisiko lile na akalielewa: hata sasa yule mwanamke alikuwa anaomba ruhusa, na wakati huo huo anamsihi asiitoe.

"Fundi," Inspekta alisema kwa sauti ya chini, akiinama, "asali ya jogoo uliyemchora. Kijiko kimoja kwenye chai yako kila jioni. Ndani yake mlikuwa na kidonge daktari alichokukataza. Mkeo hakujua, aliuliza mara mbili, akadanganywa. Anaweza kuondoka hapa huru, lakini nahitaji maelezo yake kwa maandishi, aseme alikuwa anatibu nini. Amekataa tangu jana. Anasema siri si yake."

Fundi Rangi alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akavuta pumzi, pumzi ya mtu anayetaka kusikika kutoka juu ya ngazi.

"Dada," alisema, "jogoo wangu hawiki."

Kijiko cha uji kilisimama hewani. Wodi nzima ilinyamaza. Hata mgonjwa wa kona, aliyekuwa anakoroma, aliacha.

"Mwaka mzima. Nilimdanganya mke wangu nikasema joto, nikalala sebuleni. Sikumwambia kitu, nilimwambia tu daktari amesema vidonge ni mwiko kwangu. Yeye ananitibu kwa siri nisione haya, mimi najitibu kwa siri asione haya. Hiyo ndiyo sumu, dada. Andika, Inspekta. Andika kwa herufi kubwa, mimi mwenyewe nitazipaka rangi."

Mwanamke aliyepikia mamia ya watoto aliweka chupa ya uji chini, akainuka, akamfuata wifi yake, akamshika mkono wenye mkoba. "Nimekulaza rumande," alisema, na machozi yakamtoka. "Wifi yangu, nimekulaza rumande kwa asali."

"Ulimpenda ndugu yako," alisema mke wa Fundi. "Mimi ningekuwa wewe ningepiga kelele zaidi."

Inspekta alitoa ule mfuko. "Na hiki tumekikuta kwenye kopo la rangi."

Fundi alijifunika uso kwa mkono. Mkewe alilichukua bomba, akaligeuza, akaligeuza tena. "Hii ndiyo umeifungia shati la Idi? Nimelitafuta shati hilo mwaka mzima!"

"Daktari ndiye aliyenipa. Alisema niongee na wewe kwanza. Nikashindwa kuanza."

"Nami nilidhani ni asali imekuponya."

"Nami nilidhani ni matembezi. Nimeacha sigara, naamka alfajiri natembea, nikasema kumbe daktari mkweli!"

"Samahani," sauti ilitoka kitanda cha jirani, ya mzee aliyekuwa amefungwa mguu. "Hilo bomba linauzwa wapi?"

Kicheko kilianzia kona, kikazunguka wodi, na Kifaru alitoka nje upesi kama mtu aliyeitwa kwa redio. Fundi Rangi hakucheka. Alikuwa anamwangalia mkewe.

"Asali imekwenda na polisi," alisema. "Nitarudi kama zamani, mke wangu. Labda hata bomba lisifae. Nakuambia mapema usije ukasema nimekuficha tena."

Mke wa Fundi alikaa kitandani, pale palipokatazwa kukaa, akauchukua mkono wa mumewe na kuziangalia kucha.

"Wewe mwanamume hujanielewa," alisema. "Nani alikwambia nilimtaka jogoo? Mimi nilitaka mluzi."

Inspekta alikuwa ametoa karatasi ya maelezo na kalamu. Alivishika mkononi, hakuviweka mezani bado.

Fundi Rangi alikaza midomo, akajaribu. Ilikuwa mikavu, ikatoka pumzi tupu. Mkewe alimpa maji. Akanywa, akajifuta, akajaribu tena.